Kiingilio cha Kwato

Ng'ombe ndio waliohitaji lambo, lakini baba mkwe wangu, Karai Toribio, ndiyo kusema Mzee Toribio, alilichimba kwa ajili ya jirani. Jirani mwenyewe ni Wilfrido, ambaye shamba lake na letu yanatenganishwa na waya wa miiba tu, na ambaye hakupata mgeni bila kumwambia kwamba lambo lake lina kina cha kumfika mtu kwenye kofia.

"Kofia ya mtu gani?" baba mkwe alikuwa akimuuliza. "Wewe ukisimama na mbuzi, anayeonekana ni mbuzi."

"Njoo ujipime basi, Toribio. Nitakuvua kwa ndoana."

Wanaongea hivyo tangu walipokuwa wanagombania dawati moja shuleni, na ikipita siku nzima bila kutukanana, mmoja wao hutuma mtu kuuliza kama mwenzake anaumwa.

Sasa, kiangazi kilichotangulia, kijito cha nyuma ya shamba letu kilikauka kikawa tope, na tope likawa vigae. Kila asubuhi tuliwaswaga ng'ombe wetu hadi kwa Wilfrido wakanywe. Alitukubalia kwa moyo mweupe, kisha akatusimanga kwa moyo huohuo. Ng'ombe walikonda kwa kutembea. Maziwa yakapungua, na jibini la mama mkwe, linalotulisha na kutuvisha, likawa dogo kama sahani ya chai. Hapo ndipo mume wangu, Crispín, alipoanza kuzungumza kwa simu na binamu yake Derlis, anayejenga maghorofa Buenos Aires.

Hapa Costa Yvate nyumba nyingi zina baba wa namna hiyo: picha yake iko ukutani, sauti yake iko kwenye simu, na yeye mwenyewe yuko ng'ambo anapanga matofali ya watu wengine. Sikutaka mtoto wangu Aramí akue akikibusu kioo cha simu. Ndiyo kwanza alikuwa anaanza kukimbia bila kuanguka.

Jioni moja Crispín alikuwa anamenya mihogo, akasema bila kuinua macho, "Nidia, tutachimba lambo msimu huu wa baridi. Likishika maji, nabaki. Lisiposhika, Derlis anakuja Desemba kwa sikukuu ya Bikira wa Caacupé. Akirudi, narudi naye."

"Sawa," nikasema. Ningesema nini? Nilichukua kisu kingine nikamsaidia kumenya.

Vifaa vilikuwa vyetu wenyewe. Trekta letu linaitwa Ramona, lina umri kumzidi Crispín, na haliwaki mpaka literemke mlima; kwa hiyo huegeshwa mlimani daima, likitazama bonde kama mtu anayewaza kujirusha. Kuhusu chombo cha kuchotea udongo, Crispín alichukua pipa nene la chuma ambalo zamani babu yake alichemshia maji ya miwa, akalikata katikati, akalichomelea meno aliyotengeneza kwa springi za lori. Nyuma akaweka mikono miwili mirefu kama ya toroli. Tulikiita kijiko. Ramona anakivuta kwa mnyororo, mtu mmoja anatembea nyuma ameshika mikono: akiinua, meno yanang'ata ardhi, akikandamiza, kijiko kinateleza na mzigo wake hadi kwenye tuta.

Wanaume wote wawili walitaka kushika kijiko. Mama mkwe, Ña Sinforiana, yaani Bi Sinforiana, akamfunga Aramí mgongoni akasema yeye anakaa na mjukuu wake. Basi dereva nikawa mimi.

Tulianza tarehe mosi Agosti, baada ya kila mtu kunywa funda lake la pombe ya miwa iliyolowekwa majani ya ruda, maana asiyeinywa asubuhi hiyo, Agosti humbeba akazikwe. Baba mkwe alipiga mafunda ya ziada kwa niaba ya Ramona. Labda ndiyo yaliyomponza. Mzunguko wa kwanza tu, meno yalikwama kwenye mzizi, mikono ya kijiko ikaruka juu, na Karai Toribio akaruka nayo. Alitua upande wa pili, kofia bado kichwani.

"Mzee!" Crispín alipiga kelele. "Umeumia?"

"Nani kaumia? Nilikuwa naangalia kina kutokea juu."

Udongo wa juu ulikuwa mweusi na laini. Chini yake tukakuta mwekundu, mzito, unaonata kwenye viatu mpaka unatembea kama bata. Crispín aliufinyanga kiganjani, akautazama kama mtu aliyeona dhahabu. Tukauchota siku baada ya siku, tuta likapanda. Bonde likawa bakuli.

"Baba, hapa panatosha," Crispín akasema.

"Panamtosha nani? Wilfrido anaogelea hadi kofiani. Letu nataka limzamishe akiwa juu ya farasi. Mkwe, washa!"

Nikateremsha Ramona, akawaka. Tukaendelea kuchimba mpaka siku moja kijiko kikawa chepesi ghafla, na udongo ukatoka wa manjano, unamiminika kama sukari. Mchanga! Baba mkwe akauchezea kwa vidole vya miguu. "Mnaona? Pwani kabisa. Wilfrido atakuja na taulo." Tulicheka sote. Tulikuwa tumechoka, na mchanga ni rahisi kuchota kuliko udongo mwekundu, kwa hiyo tukauchota kwa furaha.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mwishoni mwa Septemba ikalijaza lambo hadi karibu na mdomo. Baba mkwe alikwenda mwenyewe kumwita Wilfrido. Wilfrido alisimama juu ya tuta, akavua kofia. Baba mkwe alitembea kifua mbele kwa siku kadhaa.

Ndipo maji yakaanza kushuka. Mwanzoni tulisema ni jua. Kisha tukasema ni upepo. Kabla wiki haijaisha palibaki kidimbwi cha vyura, na siku iliyofuata vyura nao wakahama. Tulikuwa tumeutoboa ule udongo mwekundu, ngozi yenyewe ya kushikia maji, tukafika kwenye mchanga usiomnyima mtu njia.

"Toribio!" Wilfrido aliita kutoka kwenye waya. "Hili si lambo, ni chujio! Lete tuchujie kahawa!"

"Nenda zako."

"Nasikia maji yako yametokea Uchina. Watu wa huko wanakushukuru sana."

Baba mkwe hakuwa na jibu, na siku baba mkwe akikosa jibu nyumba nzima hupoa. Crispín hakucheka wala hakununa. Alitoa viatu vyake vya kazi, vile vya ngozi, akavisugua tope, akavipaka mafuta, akavianika juani kimoja kando ya kingine. Sikupenda kuviona vimekaa pale, safi, vimeelekea barabarani.

Mchana mmoja Aramí alinitoroka. Nilimkuta nyuma ya zizi, amechuchumaa, anamrushia majani Petrona, nguruwe wetu jike, aliyekuwa amelala kwenye dimbwi lake tope hadi masikioni. Nilimwinua mtoto, nikataka kuondoka. Nikasimama. Mbona dimbwi la Petrona lilikuwa na maji? Mvua haikunyesha tena tangu ile kubwa, na maji ya jikoni tunayamwaga kwenye migomba, upande mwingine kabisa. Nikachukua kijiti, nikachokoa ukingo wake. Kijiti kilivunjika. Udongo ulikuwa mwekundu uleule, lakini umebanana kama chungu.

Nikamwita mama mkwe. Alikuja mikono ikiwa na unga wa muhogo hadi viwikoni, maana alikuwa anatengeneza chipa, mikate yetu ya muhogo na jibini.

"Mama, huyu kafanyaje hapa?"

Ña Sinforiana alitazama dimbwi, akamtazama Petrona, akaitazama mikono yake. "Kaukanda," akasema. "Kila siku anaingia, anageuka, anatoka, anaingia. Unga wa chipa usipoukanda sawasawa hupasuka motoni. Huyu mwenzangu anajua kukanda."

Wakati wa chakula cha usiku nililiweka jambo hilo mezani. Turudishe udongo mwekundu juu ya mchanga, tabaka kwa tabaka, tuulowanishe, na tuukande.

"Nifundishwe kuchimba na nguruwe?" baba mkwe akasema.

"Umefundishwa na wengi, Toribio, na hukuelewa," mama mkwe akamjibu huku akimwongezea mchuzi. "Jaribu nguruwe."

Kesho yake alfajiri nilimsikia Crispín akimteremsha Ramona mlimani.

Kuurudisha udongo ilikuwa kazi ya jasho tu. Kuukanda ndiko kulikotushinda. Ramona alipita juu yake mara chache, akatitia, tukamtoa kwa maksai. Tukaingiza ng'ombe wetu, tukawawekea chumvi ya kulamba ili wazunguke. Hawakuzunguka. Walisimama wote pahali pamoja wakilamba, miguu imetulia kama ya meza.

"Kwa mwendo huu," Crispín akasema, "Aramí atakuja kulizindua na wajukuu wake."

Tulihitaji kwato za kijiji kizima. Lakini nani aache mahindi yake msimu wa kupanda, alete ng'ombe wake wakanyage tope la mwingine? Hata mimi nisingekuja.

Jioni zile nilikuwa nahudhuria darasa la watu wazima pale shuleni. Namalizia sekondari niliyoiacha. Tunasoma kutoka vitongoji vyote, wakubwa kwa wadogo, na kabla mwalimu hajaingia huwa ni soko. Jioni hiyo wanaume walikuwa wanalalamika. Mashindano ya mpira ya kila mwaka yamekosa uwanja, kwa sababu kiwanja cha kanisa kimejaa matofali ya kanisa jipya.

"Padri kasema Mungu kwanza, mpira baadaye."

"Mungu hana haraka, bwana. Sisi mwakani tutakuwa na vitambi."

"Wewe kitambi unacho tayari. Hicho unachokaa nacho ni nini?"

Walicheka. Mimi nilikuwa naliona lambo letu: sakafu tambarare, na tuta limezunguka pande tatu kama jukwaa la uwanja wa taifa. Nikanyoosha mkono kama vile mwalimu yupo.

"Uwanja upo," nikasema. "Njooni mchezee kwetu. Mshindi anaondoka na nguruwe mnono, mtoto wa Petrona. Kiingilio ni kwato. Kila timu ije asubuhi na ng'ombe wake wote, wazunguke humo ndani mpaka saa ya chakula. Mchana mpira, peku."

Kisha yule mwenye kitambi akauliza, "Nguruwe wanahesabika? Mimi nina nguruwe tu."

"Nguruwe ndio tunawataka hasa."

Nilipowaeleza nyumbani, Crispín alicheka mpaka akaweka kijiko cha supu chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu viatu vianikwe. Baba mkwe alikuwa na pingamizi moja tu. "Wilfrido hataleta. Na bila kundi la Wilfrido, tutakuwa tunajidanganya."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe wake ni wengi kuliko wa watu wote waliobaki, na wanawe ndio wachezaji bora. Nikaenda kwenye waya mwenyewe. Wilfrido alikuwa anakunywa tereré yake, ile chai ya baridi, kivulini, akanimiminia nami maji baridi juu ya majani, akanipa pembe ya kunywea nikafyonza kwa mrija. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani nilete ng'ombe wangu," akasema, "wamkandie Toribio tope, ili apate lambo la kunizidi? Binti, unaniona nimechanganyikiwa?"

"Hapana, mzee. Basi nitawaambia watu timu yako haiji."

"Waambie."

"Watauliza kwa nini."

"Waambie nimekataa."

"Watasema imeogopa."

Pembe ilisimama njiani. "Nani kasema imeogopa?"

"Hajasema mtu bado."

Wilfrido alimwaga majani yaliyochakaa, akayatazama. "Huyo nguruwe," akasema, "mnono kiasi gani?"

Siku ya mashindano walianza kuja kabla umande haujakauka: ng'ombe, maksai, nguruwe wa yule mwenye kitambi wakikimbizana na mbwa, na mwisho kabisa kundi la Wilfrido likiteremka kama mafuriko, yeye nyuma yake juu ya farasi, kofia mpya. Crispín na Ramona walileta maji kwa mapipa kutoka kisimani, wakaumwagia udongo. Vijana wakawaswaga wanyama kwa mduara, huku na huku, na huku tena. Kelele zake sijui niziandikeje. Udongo ulianza kama uji, ukawa kama unga uliokandwa, ukawa kitu kinacholia *pwata, pwata* chini ya kwato, kisha sauti yenyewe ikabadilika ikawa kavu. Mama mkwe aliinama akaukandamiza kwa dole gumba. "Bado kidogo," akasema, kama anazungumzia tanuri.

Mchana wanyama wakatolewa, vinyesi vikazolewa, magoli yakasimamishwa kwa mianzi. Miguu mingapi ilikimbia humo siku ile! Walioteleza waliteleza mpaka mwisho wa uwanja. Watu wamekaa juu ya tuta, chipa mkononi, wanamtukana refa, ambaye alikuwa mwalimu wetu wa hesabu na alistahili.

Fainali ilikuwa kati ya timu ya Wilfrido na sisi wa darasa la jioni, tuliomwazima Crispín awe kipa. Wakatufunga moja mapema. Kisha upepo wa kusini ukavuma wa baridi, mbingu ikawa rangi ya sufuria, na matone ya kwanza yakaanguka makubwa kama punje za mahindi.

Mwalimu akatia filimbi mdomoni. "Nasimamisha!"

"Husimamishi kitu!" Wilfrido alinguruma kutoka kwenye tuta. "Tunaongoza!"

"Mzee, radi!"

"Radi ije icheze!"

Wakacheza. Mvua ikamwagika kweli, na maji yakaanza kukusanyika vifundoni, mpira ukawa hauendi, ukawa unaelea, na yeyote aliyepiga teke alimwogesha mwenzake. Waliokuwa kwenye tuta wakashuka nao wakaingia. Sijui nani alikuwa timu gani. Mwisho filimbi ililia, na mshindi akawa Wilfrido. Aliondoka kwenye mvua akimkumbatia nguruwe anayepiga mayowe.

"Toribio! Umepoteza nguruwe!"

"Nimempoteza," baba mkwe akajibu, akiwa amesimama katikati ya lambo, maji yakimpanda magotini, uso umeng'aa. "Nimempoteza, ndugu yangu."

Siku zilizofuata sikwenda kuangalia. Niliogopa. Crispín alikwenda kila asubuhi, akarudi, akachukua jembe. Mama mkwe ndiye aliyeniletea habari, kama za mgonjwa: amelala salama, ameshuka kidogo, ni jua tu, leo bata wawili wamekuja kumjulia hali. Mvua nyingine ikaongeza, na yaliyoongezeka yakakaa. Mwishowe nikambeba Aramí tukaenda. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yametulia, yakifika tumboni mwa ng'ombe aliyekuwa anakunywa taratibu kama mtu aliye kwake. Kina cha kofia ya mtu hakikuwepo tena, maana tulikijaza udongo.

"Kuku atavuka bila kulowa," Wilfrido alisema.

"Mlete kuku wako," baba mkwe akamjibu. Nyumba ikapata joto.

Lakini Crispín hakuwa amesema kama anabaki. Viatu bado vilikuwa safi. Na mimi sikumuuliza, kwa sababu ahadi nilipewa zamani, tulipomenya mihogo, na nilitaka jibu lije lenyewe.

Derlis akaja Desemba, viatu vyeupe, simu kubwa, roho nzuri kama kawaida yake. Alikula kwetu, akamrusha Aramí juu mpaka mtoto akapaliwa kwa kucheka.

"Binamu, nafasi yako nimeishikilia," akamwambia Crispín. "Mwaka mmoja tu. Unarudi unajenga nyumba ya matofali."

"Mwaka mmoja," Crispín akarudia.

"Mmoja. Wala hutauona."

Siku ya Derlis kuondoka, Crispín alisema, "Nitamsindikiza hadi njia panda." Alivaa viatu vya ngozi. Alibeba begi, la nani sikutaka kutazama, na wakaenda wakizungumza, bega kwa bega. Mimi nikambeba Aramí nikapanda kwenye tuta, mahali pa juu, unapoona barabara nyekundu hadi kibanda cha basi.

Waliketi. Walisimama. Derlis alikuwa anaongea kwa mikono. Basi likatokea kwenye miti ya mikaratusi, likaja na vumbi lake, likasimama mbele yao, na likawafunika wote wawili. Nikamkaza Aramí mpaka akalalamika. Dereva alipiga honi mara mbili, kwani ana haraka ya kwenda wapi huyu, nikawaza, na basi likaondoka.

Vumbi lilichukua muda wake.

Crispín alikuwa amesimama kandokando ya barabara, mikono mitupu, anapunga. Aliendelea kupunga hata basi lilipokwisha kupotea. Kisha akavuka, akainama chini ya waya, akaja. Nilijua lazima ametuona, tumesimama juu pale kama bendera mbili, nikaanza kutengeneza uso wangu usionyeshe nilivyokuwa nimelia. Sikuwa na haja. Alipofika chini ya tuta hakututazama kabisa. Ng'ombe mmoja alikuwa amepanda kwenye ukingo na kung'oa nyasi tulizopanda kushikilia udongo, na Crispín alikuwa anapanda kumfuata, viatu vyake vizuri vikizama kwenye tope, anapaza sauti:

"Toka hapo, mwendawazimu wewe! Toka! Utanibomolea tuta langu!"